Kutandika Mkeka Kabla ya Kidonge

Jumatatu, 8 Januari 2024

Mwezi mzima sijaonja mnazi! Mwanamume wa miaka sabini na moja, aliyelelewa chini ya makuti, ameacha. Vivian alisema siwezi. Nimeweza!

Haya. Si mwezi. Ni tangu jana jioni. Na jana jioni niliondoka kwa Boga muuza mnazi mapema kwa sababu mtungi ulikauka, si kwa sababu Roho Mtakatifu alinigusa bega.

Simwandikii mtu. Kwa hiyo naweza kudanganya mstari wa kwanza na kujisuta mstari wa pili, na hakuna wa kunitoza faini.

Kiungulia leo asubuhi — kama mtu amewasha jiko la makaa kifuani mwangu kisha akaenda zake sokoni. Nimekunywa dawa nyeupe ya chupa, vifuniko viwili, nikalamba na kizibo. Inateremka baridi kama chokaa ya ukutani. Ndipo nikameza kidonge cha kliniki. Siku hizi ndio mpango wangu. Kwanza natandika mkeka, ndipo mgeni aingie. Mgeni hakaribishwi kwenye sakafu inayowaka moto. Mama yangu alinifunza adabu.

Zamani kidonge nilimeza usiku baada ya taarifa ya habari. Vivian ndiye aliyekihamisha, tulipoanza mazungumzo ya ndoa. Anataka saa moja asubuhi. Anapiga simu, nameza akisikia, tunaomba, halafu anaenda kukaanga viazi karai vyake pale stendi. Leo kaniuliza, umemeza? Nimemeza. Hebu fungua mdomo. Nikafungua mdomo — kwenye simu!

Mapenzi ya uzeeni ni upumbavu mtupu. Nayapenda.

Jumatano, 10 Januari

Kesho kliniki. Shati la kitenge nimelipiga pasi mwenyewe, nikaunguza kola. Nitakunja.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya tena. Mimi mgane, Vivian mjane. Damu yake safi. Yangu ina wapangaji. Marehemu Mama Kai na mimi hatukujua nani aliwaleta nyumbani. Tuligombana mwaka mzima, tukachoka, tukapatana. Yeye akaja kufa kwa pumu. Wapangaji hawakuhusika.

Mwaka jana nilimpeleka Vivian kliniki asikie kwa masikio yake. Clifford, yule mshauri, akamweleza: mzee akimeza dawa sawasawa wapangaji wanalala. Hawaonekani kwenye kipimo. Wala hawahami kwenda kwa mke. Vivian akauliza maswali kama askari wa barabarani. Aliporidhika, akakubali posa. Kwa masharti mawili: kidonge kila siku, mnazi kamwe.

La kwanza nimelishika kama msahafu. La pili nalishika kwa mkono wa kushoto.

Harusi Pasaka. Kesho tunachukua jibu la damu waliyonitoa kabla ya Krismasi, kisha moja kwa moja kwa pasta. Miaka yote jibu ni lile lile — hakionekani kitu. Sina wasiwasi. Nina kiungulia tu.

Alhamisi, 11 Januari

Vimepanda.

Niandike polepole. Clifford ni kijana wa kutoka bara, shingo ndefu, kila neno analipima kama sonara. Akafungua kompyuta. Akaifunga. Akaifungua tena. Akasema vairo lodi, yaani hesabu ya virusi kwenye damu, imepanda, maelfu. Nikamwambia umefungua faili la mzee mwingine. Akasoma jina: Jefwa Kaviha, mkazi wa Junda. Basi mzee mwingine ndiye mimi.

Unakosa dawa, mzee? Hapana. Unasahau? Hapana. Kuna mtu unamgawia? Nikamuuliza, kwani nani anaomba aonjeshwe? Hakucheka. Nikamgeukia Vivian, naye hakucheka. Hapo nikajua mambo mazito, maana huyu mama hucheka hata matangani.

Clifford akamwaga vidonge mezani, akahesabu. Hesabu sawasawa! Nikatanua kifua. Umeona sasa? Naye, kwa heshima zote, shikamoo haijakauka mdomoni:

"Mzee, wanaotupa dawa ndio hesabu yao haikosei kamwe."

Nimetukanwa na watu wengi maishani, wengine mafundi wa kazi hiyo. Lakini hili lilikuwa safi. Halikuacha hata doa. Akaongeza kwamba ana mzee mmoja alikuwa akiwapa kuku. Nikasema sina kuku. Akaandika. Sijui aliandika nini — labda, hana kuku.

Mpango wao ni huu: kila mwezi niende nikashauriwe, na kila siku awepo mtu wa kuniona nikimeza. Wakiridhika kwamba nameza, miezi mitatu baadaye damu tena. Ikiwa bado iko juu, dawa zinabadilishwa, na zile zingine ni mzigo.

Kwa pasta hatukwenda. Vivian alitangulia njia nzima, kanga imekazwa. Kwenye kona ya nyumbani kwake akasimama, akasema hili tu: "Baba Kai, ugonjwa wako sikuuogopa. Naogopa uongo wako."

Akaingia. Mlango haukubamizwa. Afadhali ungebamizwa.

Ijumaa, 12 Januari

Nimemeza. Nani ataamini? Nimejiamini mimi.

Jumapili, 14 Januari

Leo majina yetu, ambayo pasta anayo tangu Krismasi, yangesomwa kanisani, tangazo la kwanza la ndoa. Pasta akasoma wachumba wengine wawili, vijana, bibi harusi anatafuna ubani. Akafika kwetu. Kumbe Vivian alishamwambia asubiri. Akageuza karatasi. Tuimbe.

Shingo zote zikanigeukia kama mashabiki wa mpira. Nikainua mkono nikawapungia. Jirani yangu Absalom — tunakaa ploti moja, alikuwa tanboi, utingo wa malori ya mafuta kule Changamwe — akaninong'oneza: "Sasa wewe mzee unapunga nini? Umekosa bibi!" Nikamwambia nawashukuru kwa kuhudhuria.

Vivian aliimba kwaya bila kunitazama. Sauti ya pili. Haikuteleza hata mara moja.

Baadaye nikamfuata kwenye mlango wa kanisa. Anaamini nini hasa? Akasema wazi, ndio uzuri wake. Anaamini mambo mawili: ama natupa dawa kwa kuchoka, ama kuna mwanamke mwingine na kichwa hakiko kwenye dawa. Nikamuuliza, kwa sura hii? Akasema sura hii ilimpata yeye.

Nikampisha mlangoni.

Jumatano, 17 Januari

Sasa Vivian ana nidhamu mpya. Simu hataki tena. Anakuja mwenyewe, saa moja kasorobo, kabla ya viazi, na kijiko cha chai. Nameza, nafungua mdomo, anainua ulimi kwa kijiko, anachungulia huku na huku kama fundi wa bomba. "Chini ya ulimi safi. Shavuni safi." Anaandika kwenye simu yake. Anaondoka. Habari ya asubuhi hakuna, maombi hakuna.

Raha ya kuonekana natii ningeifurahia zaidi kama kifua kisingewaka. Dawa nyeupe nainywa kabla hajafika, na chupa inalala ndani ya buti la mvua la kushoto. Akiiona chupa atauliza kiungulia. Akiuliza kiungulia atauliza chakula. Akikuta chakula hakina lawama atafika kwa Boga. Njia fupi kabisa, hata kipofu angefika.

Kwa Boga nilipita jana. Kipimo kimoja. Viwili. Mnazi wenyewe mkali, wa tangu asubuhi. Tangu ahamishe mangwe yake, kilabu chake cha mnazi, nyuma ya ploti yetu, mwezi wa tisa, na mimi nimehamisha tumbo langu kwenye tanuri.

Jumanne, 23 Januari

Absalom ana homa ya matumbo. Amepewa vidonge, vinamkoroga tumbo, analia kama mtu wa miaka mitano. Nikamfundisha utaalamu wangu: tandika mkeka kwanza. Nikammiminia dawa nyeupe kwenye kikombe. Akanywa, akameza vidonge juu yake, akatulia. "Mzee, wewe ni daktari uliyenyimwa sindano." Sasa anakuja asubuhi na jioni. Chupa imebaki kidogo.

Natoa huduma bure. Lakini kanisani nisomwe? Thubutu!

Jumatatu, 29 Januari

Absalom bado anachemka. Vidonge vimekwisha, homa iko palepale, karudi zahanati kupewa vingine. Anasema vya kwanza vilikuwa feki. Tumewalaani watengenezaji, mmoja mmoja, bila kuwajua.

Alhamisi, 8 Februari

Siku hii niiandike yote. Chai imepoa, ipoe.

Kliniki, mimi na Vivian. Clifford akamuuliza kama nameza. Akajibu kama shahidi kortini: ameona kwa macho yake, kila siku, chini ya ulimi na shavuni. Clifford akashika shingo. Akasema basi huenda virusi vimekuwa sugu, kwa sababu ya zile siku za nyuma ambazo mzee hakumeza. Nikasema nilimeza. Akasema ndiyo mzee — ile ndiyo ya kumtuliza mlevi. Vivian akatazama dirishani.

Yaani sasa ameniona nikimeza, na bado mimi mwongo wa zamani. Hakuna kazi ngumu kama kuthibitisha jambo ulilolifanya peke yako.

Tukaenda dirisha la dawa. Aliyekuwepo ni Lavender, msichana mwenye nywele za rasta fupi, mfamasia mpya. Anapenda mazungumzo, na mimi nikipewa masikio siyarudishi. Akaniuliza, mzee, hiki kidonge hakikusumbui tumbo? Nami nikajibu kwa majigambo yangu:

"Kinisumbue vipi, mwanangu? Mimi natandika mkeka kwanza."

"Mkeka gani?"

"Ule mweupe. Wa chupa."

Akaacha kuandika. Mweupe wa chupa, wa kiungulia? Ndio huo. Unaunywa saa ngapi? Palepale, nikishusha huu nashusha na hiki, wanashikana mkono wanaingia pamoja. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema: "Mzee, umesema sawa kabisa. Wanashikana mkono."

Akatoka nje ya dirisha lake, akaja tulipo. Akaeleza kwamba ile dawa nyeupe ina madini, alumini na magnesi. Nikamuuliza, alumini ya sufuria? Akasema jamaa yake. Kwa hiyo nimekuwa nikinywa sufuria! Madini hayo yanakishika kidonge tumboni, hakiachiliwi kuingia kwenye damu, wanateremka wote wawili mpaka chooni. Kidonge umemeza kweli. Damu haijapata habari. Na si hiki tu, anasema, ziko dawa nyingi hazielewani na huyo mweupe: za kuongeza damu, hata baadhi ya vidonge vya homa ya matumbo.

Nikamkumbuka Absalom.

Vivian alikuwa amenikazia macho. Halafu Lavender akauliza swali lake, taratibu tu, hajui anashika nini mkononi: "Umeanza lini kuinywa, mzee? Kabla ya ile damu ya Desemba, au baada?"

Hapo nikaona njia mbili. Nikisema juzi tu, basi Desemba sina kisingizio, nilitupa dawa. Nikisema mwezi wa tisa, nimejisafisha — lakini Vivian atauliza mwezi wa tisa kulikuwa na nini. Na yeye hesabu anazijua. Anapima unga kwa macho.

Nikatazama viatu. Viatu havina msaada.

"Mwezi wa tisa," nikasema.

"Na kiungulia kilitokana na nini?" Huyo si Lavender. Huyo Vivian.

"Mnazi, Mama Lynnette."

Mtu mmoja kwenye foleni akakohoa. Nilingoja kofi, sala, kilio, chochote. Vivian akavuta pumzi, akasema, na watu wote wakasikia:

"Mwezi mzima silali, nadhani una mwanamke. Kumbe una mtungi!"

Foleni nzima ikacheka. Na mimi. Yeye hapana. Lakini pembe ya mdomo... niliiona. Au nilitaka kuiona.

Lavender akamwita Clifford. Akaja, akasikia, akakaa kwenye benchi la wagonjwa kama mgonjwa. Akasema, "Nilikuuliza unachokosa, mzee. Sikukuuliza unachoongeza." Maneno mazuri. Ya kuomba msamaha hayakuwa.

Sheria mpya, nimeikariri mbele yao: kidonge kwanza. Saa mbili zipite, ndipo dawa nyeupe. Nikianza na nyeupe, saa sita zipite ndipo kidonge. Dawa hazibadilishwi kwanza; miezi mitatu inaanza kuhesabiwa leo.

Ijumaa, 9 Februari

Vivian kaja saa moja kasorobo. Kijiko anacho. Akaenda moja kwa moja kwenye mabuti! Akatoa chupa. Nani alimwambia? Akasema mwanamume ana sehemu tatu za kuficha vitu, na mbili ameshaziangalia wiki jana.

Tukazungumza, mara ya kwanza tangu Januari. Nikamtania: wewe ndiye uliyehamisha kidonge asubuhi, kikakutana na chupa. Usiku vilikuwa vinapishana. Mkutanishaji ni wewe! Akaniambia nisimtie kwenye mtungi wangu.

Halafu akasema lile linalokaa kichwani. Kwamba hadithi ya Lavender ni nzuri, inaingia akilini. Lakini mtu aliyeficha chupa kwenye buti anaweza kuficha na kidonge mahali pengine. Yeye hawezi kuona ndani ya tumbo la mtu. Damu ya mwezi wa tano ndiyo itakayosema. Ikishuka, basi ilikuwa dawa nyeupe na mimi nilimeza siku zote. Isiposhuka — hakumalizia.

Nikamuuliza, na mnazi? Akasema mnazi ni kesi ya kwake na mimi. Hiyo nitahukumiwa nyumbani.

Neno "nyumbani" nimelirudia siku nzima. Halina maana. Watu husema tu.

Jumamosi, 10 Februari

Nimemweleza Absalom habari za mkeka. Akashika kiuno. "Ati ulikuwa unanizuilia dawa? Mimi nililaani kiwanda cha watu!" Nikajitetea kwamba sikujua. Akafikiri kidogo, kisha akanieleza jambo lote kwa lugha ya Changamwe: ni kama kontena iliyoshuka bandarini, karatasi zote sawa, halafu imefungwa mnyororo na kontena ya mtu mwingine mwenye kesi. Zote mbili hazitoki geti. Mwenye mali anangoja dukani, hajui mzigo umefika.

Nimeishi kusikia tumbo langu likiitwa bandari. Absalom alishapona, kwa vidonge vya pili, alivyovimeza wakati chupa yangu imekauka na sijanunua nyingine. Bado ananitazama vibaya.

Jumatatu, 26 Februari

Nameza. Kijiko. Safi. Safi. Anaondoka. Leo amesema "kutwa njema". Amesema!

Ijumaa, 8 Machi

Kwa Boga. Niliagiza chai ya rangi. Boga akaniangalia kama nimemtusi mamake. Hapa si hoteli, mzee Jefwa. Nikamwambia basi nipe maji. Akaleta maji kwa mboko, kile kibuyu cha kunywea mnazi, kwa hasira, na wenzangu, ambao huniita mwenyekiti, wakaanza: mwenyekiti amebatizwa! Mama viazi amemtia kamba! Nikawajibu kwamba kamba yenyewe ni nzuri, wao wamefungwa na nini?

Nikakaa mpaka maji yakaisha. Harufu ya mnazi peke yake ina ushawishi kuliko mahubiri ya wiki nzima.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Leo ningekuwa bwana harusi.

Vivian aliimba. Gauni la njano. Baada ya ibada alinisalimia pamoja na wazee wengine, kwa mstari, mkono mmoja baada ya mwingine, kama mgeni wa heshima anayekagua gwaride. Wangu haukukaa zaidi ya wa wengine. Nilipima.

Nikaenda kwa Boga. Siandiki vipimo vingapi.

Jumatatu, 1 Aprili

Kifua! Leo si jiko, ni kiwanda.

Siku ya sikukuu, kijiko hakuna. Vivian ameenda kwao Ganze tangu jana jioni. Absalom amelala. Hakuna jicho hata moja juu yangu, na chupa iko juu ya meza — siku hizi haina haja ya buti. Nimekaa nikaitazama. Nayo ikanitazama. Kifuniko kimoja tu. Nani atajua? Hata damu yenyewe, kwa siku moja, isingejua.

Saa moja nikameza kidonge, kwa maji, kwenye sakafu inayowaka. Adabu ya mama yangu nimeikanyaga. Halafu nikangoja. Nikafagia. Nikafua shati la kitenge. Nikasikiliza redio, watu wanagombana habari za bei ya sukari. Nikatembea ua mzima nimejishika kifua, nikatamka maneno ambayo hayafai Jumatatu ya Pasaka. Machozi yakatoka, ya asidi, si ya huzuni. Kuku wa mwenye ploti wakanipisha.

Saa tatu ikalia. Nikanywa.

Sijamwambia mtu. Ningeeleza nini? Kwamba nimengoja?

Jumanne, 2 Aprili

Vivian karudi na mihogo. Akauliza kama jana nilimeza. Nikasema nilimeza. Akanitazama muda, kijiko mkononi. Akakirudisha kwenye mkoba bila kukitumia.

Mihogo mitamu. Ameniachia mitatu.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda, nimesogeza kitanda, likahamia na lenyewe. Mnazi, hapana. Kiungulia, kidogo, kwa sababu ya bajia. Bajia za Vivian! Nikamwambia. Akasema hizo nitakufa nazo, ruhusa ninayo.

Alhamisi, 9 Mei

Damu imetolewa. Msichana wa maabara alitafuta mshipa mpaka nikamwambia autangaze redioni. Chupa ndogo, kifuniko cha zambarau. Nikaiambia, sema ukweli. Majibu wiki mbili.

Lavender akanipungia kutoka dirishani, akaonyesha vidole viwili, saa mbili. Nikamwonyesha viwili. Vivian akauliza mnaonyeshana nini. Wivu! Nimefurahi mpaka nikajikwaa.

Jumapili, 19 Mei

Pasta aliniuliza kwa upole kama lile tangazo bado lipo au alichane. Nikamwambia amuulize Vivian. Amemuuliza. Amejibiwa: Alhamisi.

Usingizi mbaya. Nimewaza, je, kama haikushuka? Lavender mwenyewe alisema huenda wapangaji walishazoea vita wakati kidonge kilikuwa hakifiki. Basi nitakuwa nimemeza siku zote, kweli tupu, na karatasi itasema mwongo. Na nani atabishana na karatasi? Mimi niliyeishia darasa la tano?

Ndio nimejua ninachoogopa. Si hizo dawa zingine. Wala si kufa, umri huu kufa ni kama kuitwa kula. Ni yeye kuamini kwamba nilimdanganya kwenye lile jambo moja ambalo sikumdanganya.

Alhamisi, 23 Mei

Naandikia kwenye benchi la kliniki. Mvua nje, watu wamejazana, mwavuli wa mtu unanichuruzikia mguuni.

Clifford katuita sote wawili. Jibu liko kwenye kompyuta, hajalifungua. Tukasimama. Mguu wangu ukagoma. Wa kulia, ule wenye akili. Vivian akageuka: njoo basi. Nikamwambia atangulie.

"Jibu lako, Baba Kai!"

"La kwako," nikasema. "Mimi nilichomeza nakijua. Ingia ukaambiwe."

Akasimama kidogo. Akanirekebisha kola, ile iliyoungua, akaikunja vizuri. Clifford akaniuliza kama naridhia asomewe bila mimi. Nikasema naridhia, andika. Akaandika, nikatia sahihi. Wakaingia. Mlango ukafungwa.

Dakika nyingi sasa. Sauti ya Clifford naisikia, maneno hapana. Anapima dhahabu yake. Sauti ya Vivian hakuna.

Kiti kimesogezwa.

Yule mama aliyekaa kando yangu ananiuliza naandika nini. Nimemwambia hotuba ya harusi. Amenipa hongera!

Clifford akitoka na ile sura yake ya sonara nitakaa hapa namsoma shingo mpaka moyo unisimame, na hatasema neno mpaka alizungushe mara tatu.

Bwana Clifford. Ulisema mbele ya mwanamke ninayemtaka kwamba natupa dawa. Msamaha hukuniomba, na siutaki. Lakini una deni langu dogo, nalo nakudai leo, hapahapa, kupitia ukuta: mlango ukifunguka, wewe baki kitini. Mwache yeye atoke kwanza.